Ile imeli ya kazi ilikuwa ndani ya Spam



Mwaka 2023, miezi michache kisha kupata diplome yangu ya agronomie, nilipostile kwa shirika moja lililokuwa linatafuta vijana wa kufuatilia mashamba ya mbegu za maharagi huko Kabare. Kazi yenyewe njo ile niliyosomea. Nilituma CV, barua ya maombi na nakala ya diplome, halafu nikaanza kungoja. Kila asubuhi, mbele ya kunywa chai, nilikuwa nafungua imeli kwenye telefone. Hakuna. Wiki mbili zikapita, nikajiambia: ni kama kawaida, wamekwisha kuchukua mtoto wa mukubwa fulani.

Siku moja nikawa natafuta kodi ya kufungua akaunti ingine, na ile kodi ilikuwa haifiki. Rafiki yangu akaniambia: « Angalia ku Spam, saa zingine inaendaka kule. » Nikafungua Spam kwa mara ya kwanza tangu ninunue ile telefone. Kodi nikaiona. Chini yake, katikati ya matangazo ya dawa na ya mchezo wa kubahatisha, nikaona jina la lile shirika. Imeli ilikuwa na siku 12. Walikuwa wananialika kwa testi ya kuandika, siku ya tano saa tatu za asubuhi. Ile siku ya tano ilikuwa imepita tangu zaidi ya wiki moja.

Nilipiga simu. Mama mmoja alinijibu kwa upole kabisa: « Tulikuandikia, ndugu. Hukujibu. » Sikukuwa na neno la kusema. Nilikuwa nimeishasingizia watoto wa wakubwa, kumbe barua yangu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Ninajua siko peke yangu. Wengi kati yetu tuko na imeli moja tuliyofungua tukiwa première graduat, tunaitumia kwa kila kitu: Facebook, michezo, bourse, kazi. Tunatazama paka ukurasa wa kwanza, na kwa mega kidogo. Kwa hiyo leo ninataka kueleza namna hii mashini ya Spam inavyofanya kazi, kwa nini inakosea, na namna nilivyopanga imeli zangu. Nitaeleza pia kosa la pili nililofanya, ambalo lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 3 Mei 1978, Mmarekani mmoja aitwaye Gary Thuerk, aliyekuwa anauza kompyuta za kampuni DEC, aliandika tangazo moja na kulituma kwa watu karibu 400 kwa mara moja, kwenye ARPANET, ule mtandao uliotangulia intaneti. Hakuna aliyemwomba. Watu walikasirika sana, lakini inasemekana kompyuta ziliuzwa. Hapo wauzaji wote wa dunia walipata fundisho lao: kutuma barua 400 ama milioni 4 ni karibu bei moja, na akitokea hata mmoja wa kununua, umepata faida.

Kwa miaka mingi watu walijaribu kuzuia hizo barua kwa kuandika sheria: ikiwa na neno fulani, tupa. Wadanganyi wakabadilisha maneno. Mwezi wa 8, 2002, Paul Graham, mtaalamu wa programu, aliandika makala yaliyoeneza njia ingine: kuacha mashini ihesabu yenyewe. Unaipa fungu la barua nzuri na fungu la barua mbaya, inahesabu kila neno linatokea mara ngapi kila upande, halafu barua mpya ikifika inapima uwezekano wake wa kuwa mbaya. Hesabu yenyewe ni ya Thomas Bayes, yule mchungaji wa Uingereza ambaye andiko lake lilitoka mwaka 1763, tuliyekutana naye katika somo la statistiques na wengi wetu tukaomba tusimwone tena. Leo Gmail, Yahoo na Outlook zinatazama mambo mengi zaidi kuliko maneno, lakini msingi ni ule ule: ni kupima uwezekano. Na mashini inayopima uwezekano inakosea pande mbili. Kuna barua mbaya itakayoacha ipite, na kuna barua nzuri itakayotupa.

Sasa ona shida yetu sisi watafuta kazi. Barua tunayongoja usiku na mchana inasema nini? « Félicitations. » « Vous avez été sélectionné. » « Urgent. » « Bourse. » « Dollars. » Na barua ya mdanganyi inasema nini? Maneno yale yale. Hakuyachagua bure. Anajua tunangoja nini.

Mniruhusu niseme kama mutu wa kilimo. Kwenye mashamba ya mpunga, kama kule bondeni Ruzizi, kuna jani baya linaloitwa Echinochloa. Likiwa dogo linafanana na mpunga mpaka mwenye shamba anadanganyika. Walioeleza hili jambo wanasema kwamba kwa karne na karne watu wamekuwa wanapalilia kwa mkono, wanang'oa lile linaloonekana tofauti, na lile linalofanana na mpunga njo linabaki na kuzaa. Mkulima mwenyewe ndiye amelifundisha kufanana. Ukitaka kuwatenga mbele ya kutoa masuke, usitazame rangi wala urefu. Tazama pale jani linapoungana na shina. Mpunga uko na kiutando kidogo pale. Echinochloa haina.

Kwa imeli, kile kiungo ni alama ya @. Jina linaloonekana kwa herufi kubwa, mutu anaweza kuliandika anavyotaka. Kinachokuja nyuma ya @ njo kinasema barua imetoka kwa nyumba gani. FAO inaandika kutoka @fao.org. PAM inaandika kutoka @wfp.org. UNICEF, @unicef.org. Ukiona jina la shirika kubwa la kimataifa halafu nyuma ya @ kuna gmail.com, ama kuna jina refu lililounganishwa na neno « recrutement » ama « emploi », umepata Echinochloa.

Lakini hapo unaweza kuniuliza: kama ile barua ya Kabare ilitoka kwa nyumba ya kweli, kwa nini ilitupwa? Mimi pia nilijiuliza, na nilipoisoma tena nikaona sababu. Ilitumwa kwa watu wengi kwa mara moja, majina yao yamefichwa. Kichwa chake kilikuwa chote kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Na juu ya picha ya mtumaji kulikuwa alama ya kuuliza. Hii alama, Gmail inaiweka inaposhindwa kuhakikisha kama barua imetoka kweli kwa yule anayejiita mtumaji.

Hilo la mwisho njo zito. Sisi hapa tunajua: ukipeleka barua kwa biro bila sceau, hata ukiiandika vizuri namna gani, planto anaiweka pembeni. Imeli nazo ziko na sceau zake. Zinaitwa SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza inasema ni mashini gani zina ruhusa ya kutuma kwa jina la shirika. Ya pili ni sahihi inayoonyesha kwamba barua haikubadilishwa njiani. Ya tatu inaambia anayepokea afanye nini kama hizo mbili za kwanza hazipatikani. Mutu anayefungua Gmail ya kawaida hana haja ya kuzijua, Google inamfanyia. Lakini shirika lililonunua jina lake lenyewe la intaneti lazima liziweke, na mengi madogo hayakuziweka. Tangu mwezi wa 2, 2024, Google na Yahoo wamekaza: kila anayetuma awe angalau na sceau moja kati ya mbili za kwanza, na anayetuma barua 5,000 ao zaidi kwa siku kwa watu wa Gmail awe na zote tatu. Kwa hiyo mashirika madogo ya kwetu, yale yanayotoa kazi kwa vijana wanaoanza, njo barua zao ziko na hatari kubwa ya kulala ndani ya Spam. Barua ya benki ya Ulaya itakufikia bila shida. Barua ya ASBL ya Walungu, haijulikani.

Nifike kwa kosa langu la pili.

Kisha kupoteza ile testi nilikasirika. Nilikwenda kwa siber, nikafungua Gmail kwenye kompyuta, nikaunda chujio. Nilisema: barua yoyote yenye neno « recrutement », « bourse » ao « emploi » isiende kamwe ndani ya Spam, na iwekwe kwa dosiye ya rangi ya kijani niliyoita KAZI. Nikarudi nyumbani na furaha, nikijiona mjanja.

Mumekwisha kuelewa. Nilikuwa nimefungulia mlango wa lupango wezi wote wanaojua kuandika neno « recrutement ». Wiki tatu hazikupita, nikapata barua nzuri sana, yenye nembo, ndani ya dosiye yangu ya kijani. Nimechaguliwa, kazi iko nje ya inchi, mshahara mkubwa, inabaki paka dola 85 za « frais de dossier » kwa njia ya mobile money. Juu ya ile barua Gmail ilikuwa imeandika kamsitari kadogo, kwamba ujumbe huu haukutumwa kwa Spam kwa sababu ya chujio nililounda mwenyewe. Nilikasoma. Nikafikiri ni sifa.

Sikukuwa na dola 85. Nikaenda kwa mama mudogo, anayeuza kwenye soko ya Kadutu, kumwomba anikopeshe. Alinisikiliza mpaka mwisho, anahesabu nyanya zake.

« Mutoto wangu, hiyo kazi njo itakulipa, ama ni wewe njo utalipa kazi? »

« Mama, ni kwa dosiye tu. »

« Kama wako na mshahara wa vile, waikate kwa mwezi wa kwanza. »

Hakunipa. Usiku nikarudilia ile barua, nikatazama nyuma ya @, na nikaona haya. Mama mudogo hajawahi kufungua imeli hata siku moja. Ninyi muweke hili kichwani: mashirika ya Umoja wa Mataifa wanaandika wazi kwamba hawaombi feza kwa hatua yoyote ya kuajiri, si ya dosiye, si ya testi, si ya mafunzo. Anayeomba, hata kama ni dola 5, futa.

Basi nilifuta lile chujio la maneno, nikaanza upya kwa kufuata anwani. Hivi njo ninavyofanya mpaka leo.

Siku ile ile ninayopostile mahali, kabla sijafunga kompyuta, ninachukua anwani ya shirika kutoka kwa tangazo lenyewe ao kutoka kwa site yao, na ninaunda chujio lake. Kwenye Gmail unabonyeza kale kaalama kaliko mwisho wa sanduku la kutafutia, katafungua fomu. Mahali palipoandikwa « De », unaandika @ na jina la shirika, kwa mfano @fao.org. Ukiwa na mashirika mengi, unayatenga kwa neno OR, kwa herufi kubwa. Halafu « Créer un filtre », na unaweka alama mahali pawili: « Ne jamais envoyer dans le dossier Spam » na « Appliquer le libellé ». Libellé njo dosiye yenyewe, lakini iko na uzuri mmoja: barua moja inaweza kuwa na libellé mbili, kama vile mutu mmoja anaweza kuwa wa kwaya na wa timu ya mpira. Kama shirika linatumia Gmail ya kawaida, na yako mengi hapa kwetu, andika anwani yote kamili. Usiandike @gmail.com peke yake, utakuwa umefungulia dunia nzima.

Kuna alama moja usiiweke kwa barua za kazi: « Ignorer la boîte de réception ». Ukiiweka, barua inakwenda moja kwa moja kwa dosiye bila kupita kwa ukurasa wa kwanza, na kwa kawaida telefone haitalia. Utakuwa umeunda Spam yako ya pili. Hiyo iwekee matangazo ya maduka, taarifa za Facebook, na zile barua za kila wiki ulizokubali zamani na husomi tena.

Neno la kweli kwa wale wenye telefone tu: ndani ya programu ya Gmail ya telefone huwezi kuunda chujio. Lazima kompyuta, ao ufungue Gmail kwenye Chrome na kuchagua « Version pour ordinateur », na ile inasumbua macho. Lakini nusu saa moja kwa siber inatosha, juu chujio linabaki kwa Google na linafanya kazi hata telefone yako ikizimika siku mbili kwa ukosefu wa moto wa SNEL. Paka usisahau kutoka ndani ya akaunti yako mbele ya kuondoka siber, na ukatae kompyuta isihifadhi neno lako la siri. Wenye Outlook: Spam yenu inaitwa « Courrier indésirable » na chujio linaitwa « Règle », mengine ni karibu sawa.

Mimi niko na dosiye nne tu. Nilijaribu 11, nikashindwa. NIMEPOSTILE, BOURSE, MAKARATASI (diplome, relevé, kila kitu kinachoombwaka haraka haraka), na MATANGAZO, ambayo naifungua ninapokosa usingizi.

Pamoja na hayo yote, ninafungua Spam mara mbili kwa wiki: siku ya tatu na siku ya Mungu magaribi. Dakika tatu. Gmail inafuta vya Spam kisha siku 30, na ukitafuta jina la shirika kwenye sanduku la kawaida haitafuti ndani ya Spam, kwa hiyo usiseme « nilitafuta nikakosa ». Andika in:spam kwanza, halafu jina. Ukikuta barua ya kweli, usiisome tu na kuiacha pale. Bonyeza « Non-spam », mashini itajifunza. Lakini mbele ya kubonyeza, tazama kile kiungo. Njaa ya kazi inafanya kila barua ya Spam ionekane kama ndugu aliyefungwa bure. Nyingi zimefungwa kwa haki. Hata anwani inaweza kuigwa, kwa hiyo fungua kale kamshale chini ya jina la mtumaji, tazama kama kuna « signé par » na jina lile lile la shirika. Ukikosa, piga simu kwa namba iliyo kwa site yao, si ile iliyo ndani ya barua.

Upande mwingine, tusibonyeze « Spam » kwa kila barua inayotuchosha. Kama ulijiandikisha mwenyewe kupata matangazo ya kazi ya site fulani na sasa umechoka, kuna « Se désabonner ». Ukibonyeza Spam, na wenzako mia wakafanya vile, mashini itaanza kutupa barua za ile site hata kwa yule kijana wa Bagira ambaye anazingoja.

Angalia pia nafasi. Google inatoa GB 15 za bure kwa imeli, picha na Drive pamoja, na tangu 2024 hifadhi za WhatsApp za Android nazo zinahesabiwa ndani. Ikijaa, barua hazitaingia hata kwa Spam. Zitarudishwa kwa aliyezituma, na yeye atafikiri anwani yako ni ya uongo.

Na ninyi mliokwisha kupata kazi kwa mashirika, mnaotumaka mialiko ya testi: mwambieni mwenzenu wa informatique aweke zile sceau tatu. Muandike kichwa cha barua kama mutu anayezungumza, bila kupiga kelele. Na kama mnaweza, mutume hata SMS moja fupi kwa kila jina lililo kwa liste. Mwaka jana shirika lingine lilinifanyia vile. Imeli yao ilikuwa imefika vizuri, ndani ya NIMEPOSTILE, na telefone ilikuwa imelia. SMS ilinikuta nikiwa nimekwisha kunyoosha shati.